Tusi la Utani na Tusi la Jukwaani: Somo Kutoka Mpanda

Katika makabila mengi ya Tanzania Bara, mtu akifariki, watani wake ndio wenye ruhusa ya kuuchezea msiba. Wafiwa wakiwa wanalia, wao huingia uani wakimwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wakautaja ubahili wake na madeni yake, na mmoja wao akajilaza ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka alipwe. Mgeni asiyezijua mila hizo hudhani kuwa anashuhudia ufidhuli mkubwa. Lakini hao hao wenye kukejeli aghalabu ndio waliochimba kaburi, ndio watakaombeba maiti, na ndio watakaokaa na wafiwa mpaka matanga yaishe. Kejeli yao ni sehemu ya huduma yao.

Hapo ndipo pa kuanzia kila anayetaka kuzungumzia lugha ya matusi katika kampeni za siasa za Tanzania. Mara nyingi mwanasiasa aliyemkashifu mwenziwe jukwaani hujitetea kwa kusema kuwa ule ulikuwa utani tu, na kwamba Mtanzania asiyevumilia kutaniwa hajui kwao. Utetezi huo una uzito wake, maana ni kweli kwamba nchi hii imelelewa na utani. Ila utani una sharti zake, na haki ni kuzitaja sharti hizo kabla ya kuutoa utani kuwa udhuru.

Sharti la kwanza ni kuwa utani una pande mbili: anayetania leo atataniwa kesho, na hana ruhusa ya kukataa zamu yake ikifika. La pili ni kuwa mipaka yake inajulikana; mtu hamtanii kila amuonaye, humtania mtani wake, na aliyenuna ndiye anayeonekana kuvunja mila. La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kuwa utani ni deni. Anayekukejeli leo ndiye atakayekulisha ukikwama ugenini, na ndiye atakayekuzika ukifia mbali na kwenu. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege wa Kiingereza aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kuuhusisha na mambo mawili: vita na safari. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, baadaye ndio waliokuwa watani. Na wapagazi wa misafara, waliotembea miezi kadhaa kutoka bara hadi pwani, waliuhitaji utani kama msafiri wa leo anavyohitaji pasi. Mtani ndiye aliyekuwa na haki ya kuchukua chakula bila kuitwa mwizi, na ndiye aliyekuwa na wajibu wa kumhifadhi mgonjwa aliyeachwa na msafara wake.

Kwa hiyo swali la kuwauliza wanasiasa wenye ulimi mkali si kama wametukana. Swali ni hili: je, wanalikubali deni? Na hakuna pahala panapoliweka swali hilo wazi zaidi kuliko Mpanda, kwa sababu Mpanda ni nchi ya watu waliokuja.

Msomaji wa visiwani huenda anaijua Mpanda kwa jina la treni tu. Kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati magharibi ya Tabora, tawi la njia ya reli hushuka kusini kwa kilomita 210 hivi na kukomea hapo. Tawi hilo lilikamilika mwaka 1950, na halikujengwa kwa ajili ya abiria. Lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli na watu wakabaki. Kabla ya mgodi, nchi hiyo ilikuwa ya Wakonongo, Wapimbwe, Wabende na majirani zao, na njia za misafara ya karne ya kumi na tisa zilipita humo. Ukonongo uliijua vita ya Mirambo wa Unyamwezi, na mwaka 1871 Stanley alipita huko alipokuwa akimtafuta Livingstone. Katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga kituo chao Karema mwaka 1879, na mwaka 1885 kituo hicho kikaingia mikononi mwa mapadri wa White Fathers.

Baada ya Uhuru watu waliendelea kuja. Mwaka 1972 Wahutu wengi wa Burundi waliyakimbia mauaji ya kutisha ya nchi yao wakavuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwafungulia makazi ya Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, katika misitu ya wilaya ya Mpanda, wakaigeuza kuwa mashamba. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma nao walianza kuteremka na ng'ombe wao kuelekea Mpimbwe na bonde la Rukwa wakitafuta malisho. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,152,958. Ongezeko la namna hiyo kwa miaka kumi haliwezi kuelezwa na uzazi peke yake. Ni nchi ambayo jirani yako aghalabu ana kwao kwingine, na kejeli iliyo rahisi kuliko zote ni ile ya kumuuliza kwao wapi.

Wasukuma hao walikuja na mila nyingine inayohusu maneno makali, nayo inastahili kutajwa kwa sababu inafanana na kampeni kuliko hata utani. Nayo ni mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyotajwa kuwa viliasisiwa na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kundi la kila upande husimama uwanjani na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja. Nyimbo huwa na vijembe, tena vizito, na watazamaji ndio waamuzi: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Hakuna kura iliyo wazi kuliko hiyo. Lakini manju aliyetukanwa ana uwanja wake, ana ngoma yake, na ana mwaka mzima wa kutunga jawabu.

Mtu wa pwani hatapata tabu kuielewa sharti hiyo. Malumbano ya washairi yalikuwa hivyo hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alizielekeza tungo zake kwa Lamu na kwa Sayyid Said katika zama ambazo Mombasa ya Mazrui ilikuwa katika uhasama mkubwa na pande zote mbili. Lamu nayo ilikuwa na Zahidi Mngumi, na hakunyamaza. Uadui ulikuwa wa kweli, kwani damu ilimwagika Shela. Na hata hivyo kila mmoja wao alijua kuwa ataletewa jawabu, na kuwa watu watazipima tungo zote mbili kwa mizani ile ile. Vivyo hivyo vyama vya taarab vya wanawake wa Unguja, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, vilitupiana mafumbo, na aliyelengwa alijijua. Uzuri wa fumbo ni kuwa linamwachia mlengwa njia mbili: ajifanye hakusikia, au atunge lake. Tusi la wazi mbele ya umati halimwachii hata moja.

Siasa za vyama zilipoingia Tanganyika na Zanzibar katika miaka ya 1950, zilikuta hazina hiyo yote ya maneno tayari. Zikaichukua. Jambo lililokuwa jipya ni kuwa sasa mshindi alipata serikali, na aliyeshindwa hakuwa na msimu wa mavuno wa karibu wa kungojea.

Serikali ya kikoloni ililiona jambo hilo kwa jicho lake. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishitakiwa kwa kashfa kutokana na makala iliyochapishwa katika Sauti ya TANU kuhusu mabwana shauri wawili. Mahakama ilimtia hatiani, akalipa faini ya shilingi 3,000. Tukio hilo lilionyesha mapema jambo litakalorudi mara nyingi: sheria ya ulimi huwa nyepesi kumshika anayewasema wakubwa. Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Januari, mkutano wa TANU uliofanyika Tabora ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu aliupinga uamuzi huo akaondoka na kuanzisha chama cha African National Congress, akihubiri Afrika ya Waafrika. Wananchi walimsikia na wakampima. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 alipata kiasi cha asilimia mbili ya kura. Maneno ya kubagua watu kwa asili zao yalikuwa na nafasi yake jukwaani, ila hayakupata wanunuzi.

Kwa Zanzibar mambo yalikwenda vingine, na msomaji hahitaji kukumbushwa kwa urefu. Kuanzia uchaguzi wa mwaka 1957 magazeti na majukwaa yaligeuka uwanja wa kuchambuana nasaba. Mwongozi, lililoelemea upande wa Hizbu, na Afrika Kwetu, lililoelemea upande wa Waafrika, yalijibizana wiki baada ya wiki juu ya nani mwenyeji na nani mgeni, nani mstaarabu na nani mshenzi. Watu waliokuwa wakizikana wakaanza kususiana maduka na misiba. Siku ya uchaguzi, tarehe 1 Juni 1961, ghasia zilizuka Unguja, na kwa hesabu rasmi watu 68 waliuawa. Si kweli kwamba maneno peke yake ndiyo yaliyoua; yalikuwepo mashamba, kodi, njaa na hofu ya mkoloni anayeondoka. Lakini waliouawa walitafutwa kwa majina ambayo majukwaa yalikuwa yamewapa kwa miaka minne. Hapo kejeli ilikuwa imeshaachana na deni. Aliyemwita jirani yake mgeni hakukusudia tena kumzika.

Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilijifunza kutokana na mfano huo kwa njia yake. Uchaguzi wa chama kimoja wa mwaka 1965 ulikuwa na masharti makali ya kampeni kwa upande wa Bara. Wagombea wawili wa jimbo walipelekwa pamoja katika mikutano ile ile iliyoandaliwa na chama, wakazungumza mbele ya umati mmoja. Lugha iliyoruhusiwa ilikuwa Kiswahili peke yake. Ilikatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Kila mgombea alipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Hapo ulimi wa Kitanzania ulipata mchezo wake. Wenye jembe waliwauliza watu kama nyumba huliwa, na kama kuna taifa lililojengwa bila kulima. Wenye nyumba waliuliza kama mtu anaweza kulala ndani ya jembe, na jembe lenyewe jioni huwekwa wapi. Ilikuwa kejeli ya kweli, na ilichekesha. Lakini ilipigwa juu ya vitu ambavyo wote wawili walikuwa navyo majumbani mwao, na mwenzako alikuwa amekaa kando yako akingoja zamu.

Matokeo yalionyesha kuwa wapiga kura hawakuwa mazuzu. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro kwa kura nyingi. Utaratibu huo ulikuwa na ila kubwa, kwani chama kimoja ndicho kilichochuja majina na hakuna aliyeweza kukikejeli chama chenyewe. Amani ya majukwaa ilinunuliwa kwa kufunga midomo mingi. Hata hivyo kanuni mbili za mwaka 1965 zilikuwa na hekima inayozidi umri wa chama kimoja: anayesemwa awepo, na asili ya mtu isiwe hoja.

Vyama vingi viliporudi kwa sheria ya mwaka 1992, kanuni ya kwanza ilikufa. Kila chama kikawa na mkutano wake, umati wake na bendera zake, na anayesemwa akawa hayupo. Kanuni ya pili ilibaki, ila katika vitabu. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 iliwapa majaji uwezo wa kutengua ushindi wa mbunge ikiwa mgombea, au mtu aliyesema kwa ridhaa yake, alitumia tofauti za kabila, rangi au dini katika kampeni, au tofauti ya jinsia pale wagombea walipokuwa mwanamume na mwanamke. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukikaribia, Mwalimu Nyerere alizunguka akionya juu ya udini na ukabila, na hotuba yake ya Mei Mosi huko Mbeya ingali inasikilizwa mpaka leo.

Mpanda ilikuwa na jawabu lake. Katika uchaguzi wa mwaka 2005 CHADEMA ilipata majimbo matano tu nchi nzima: Karatu, Kigoma Kaskazini, Moshi Mjini, Tarime na Mpanda Kati. Aliyeshinda Mpanda Kati aliitwa Said Amour Arfi, jina ambalo masikioni mwa mtu wa Unguja au Pemba lina mlio wa nyumbani. Mwaka 2010 alirudishwa tena bungeni na wapiga kura wa Mpanda Mjini. Wakati huo huo, upande wa pili wa wilaya, Mizengo Pinda, Waziri Mkuu tangu mwaka 2008, alijulikana kwa lakabu ya mtoto wa mkulima. Mji wa wageni ulimchagua mtu kwa kumpima, na kiongozi mkubwa wa wilaya alijinadi kwa unyenyekevu wa jembe. Ni ushahidi mdogo, lakini unaonyesha kuwa nchi ya watu waliokuja inaweza kufanya siasa bila kuulizana kwao.

Haikuwa hivyo kila mahali. Jimbo la Arusha Mjini, katika uchaguzi ule ule wa mwaka 2010, Godbless Lema wa CHADEMA alimshinda Batilda Buriani wa CCM, na wapiga kura watatu wakaenda mahakamani. Walidai kuwa mgombea wao alikuwa amesemwa majukwaani kwa uanauke wake, kwa dini yake, na kwa kuwa ameolewa Zanzibar na kwa hivyo si mtu wa Arusha. Lema aliyakana madai hayo. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wake. Tarehe 21 Disemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ilimrudishia, kwa hoja kuwa mpiga kura ambaye haki yake mwenyewe haikuguswa hana nafasi ya kudai kwa niaba ya mgombea aliyetukanwa. Kisheria hoja hiyo inaeleweka. Lakini inamwachia mwananchi wa kawaida funzo zito: tusi lililotolewa mbele ya maelfu linahesabiwa kuwa jambo la watu wawili, aliyesema na aliyesemwa. Mila ya utani isingekubali hivyo. Katika utani, watazamaji nao ni mashahidi na wadai.

Mwaka 2015 jukwaa kubwa kuliko yote lilitoa mfano wake. Tarehe 23 Agosti, katika uzinduzi wa kampeni za CCM viwanja vya Jangwani, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita wapinzani waliodai kuikomboa nchi kuwa ni wapumbavu na malofa. Neno lofa lina historia yake. Lilitoka katika Kiingereza cha wakoloni, likimaanisha mtu asiye na kazi anayezurura mjini. Wapinzani walilichukua neno hilo wakalirudisha majukwaani kama nishani. Kwa namna fulani hiyo ilikuwa afya. Aliyetukanwa alikuwa na jukwaa, alikuwa na umati, na alijibu. Bendera ya chama si nasaba. Mtu anaweza kuivua.

Kuna watu, hata hivyo, ambao hawawezi kuchukua neno na kulirudisha, na hapo ndipo Mpanda inapogeuka kutoka mfano mzuri na kuwa mtihani. Wakazi wa Katumba na Mishamo waliishi kama wakimbizi kwa zaidi ya miaka thelathini. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyeishi nao katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, aliona kuwa huko Mishamo neno mkimbizi halikuwa tusi kwao. Walilishika kama ushahidi kuwa wana nchi yao na kuwa watarudi, wakati ndugu zao wa mjini Kigoma walijichanganya na wenyeji na kutopenda kuitwa hivyo. Mwaka 2007 Tanzania iliwapa wakazi wa makazi haya, pamoja na Ulyankulu ya Tabora, hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Walio wengi waliomba. Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa, lakini vyeti vyao vilicheleweshwa mpaka Oktoba 2014. Uchaguzi wa mwaka 2010 uliwapita. Wa mwaka 2015 ndio wa kwanza kwa wengi wao kupiga kura, Katumba ikiwa katika jimbo la Nsimbo na Mishamo katika Mpanda Vijijini.

Tangu siku hiyo, neno mkimbizi lilibadilika maana. Lililokuwa heshima likawa silaha inayoweza kuokotwa na yeyote anayeshindwa hoja. Na silaha hiyo haina usawa. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, raia wa tajinisi anaweza kunyang'anywa uraia wake, na miongoni mwa sababu ni kuonyesha kwa kitendo au kwa maneno kuwa hana utii kwa nchi. Raia wa kuzaliwa hana hofu hiyo. Mkulima wa Kikonongo aliyeudhiwa na mgombea anaweza kusimama na kumjibu kwa ukali wote. Jirani yake wa Mishamo hana budi kujiuliza kwanza kama jawabu lake litaandikwa mahali. Hofu hiyo si ya kubuni katika siasa za Tanzania. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyekuwa amewahi kuwa mbunge, alitangaziwa kuwa si raia. Ikiwa mtu maarufu kiasi hicho aliweza kuulizwa kwao wapi, seuze mkulima wa tumbaku aliye mbali na magazeti na mawakili?

Hiyo ndiyo sababu kejeli ya asili ni mbaya zaidi kuliko kejeli nyingine, hata ikitolewa kwa kicheko. Mwanasiasa akiitwa mvivu, mwizi, lofa au muongo, anaweza kuleta ushahidi, au kutukana naye, au kushinda. Mtu akiitwa mgeni, jawabu lake halipo katika matendo yake. Wala hakuna anayemdai mtukanaji deni lolote, kwa kuwa neno lenyewe linasema: huna haki ya kudai kitu hapa.

Wapo wanaoona dawa ni sheria kali zaidi. Historia haiungi mkono matumaini hayo. Mwaka 2013 Mizengo Pinda mwenyewe, akiwa Waziri Mkuu, alisema bungeni kuwa wanaokaidi vyombo vya dola wapigwe tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika walikwenda mahakamani, na shauri lao likatupwa mwaka 2014. Miaka kumi na moja baadaye, Aprili 2025, Tundu Lissu, Mwenyekiti wa CHADEMA, alishitakiwa kwa uhaini kutokana na maneno aliyoyasema hadharani. Mwezi huo huo chama chake kilikataa kutia saini maadili ya uchaguzi, kikaambiwa hakitashiriki. Maadili hayo, ambayo pamoja na mengine huzuia lugha ya matusi katika kampeni, yakawa mlango wa kuingilia na kutokea. Kutoka faini ya shilingi 3,000 ya mwaka 1958 mpaka hapo, mwenendo ni mmoja: ulimi wa mwenye nguvu husamehewa, na ulimi wa asiye nayo huhesabiwa.

Kwa hivyo kipimo kinachofaa kinabaki kile cha watani, nacho hakihitaji bunge kukipitisha. Kejeli ya jukwaani ipimwe kwa maswali matatu. Je, anayesemwa anaweza kujibu, mahali pale pale na kwa ukali ule ule, bila ya kuhatarisha haki yake ya kuishi hapo? Je, kinachosemwa ni jambo alilolitenda, au ni pahala alipozaliwa, jinsia yake, dini yake? Na je, msemaji yuko tayari kesho kwenda kumzika? Maneno mengi makali yatapita katika chujio hilo, na yapite. Siasa isiyo na vijembe haijawahi kuwepo katika nchi hii na haitamaniki. Yatakayokwama ni yale ambayo Unguja iliyasikia kabla ya Juni 1961.

Washairi wana nafasi yao hapa, kwani wao ndio waliokaa na sharti ya jawabu kwa muda mrefu kuliko wote. Anayetunga shairi la malumbano huacha nafasi ya mwenziwe kuingia: vina vyake viko wazi, mizani yake inahesabika, na kimya cha mpinzani hakimfurahishi, humsikitisha. Wagombea watakapopanda tena majukwaani Mpanda, Nsimbo na Mishamo, watakuta umati wa watu ambao nusu yao au zaidi wana kwao kwingine, na ambao kwa miaka mingi wamelima pamoja, wamesafiri treni moja na kuchimbiana makaburi. Umati huo unajua kucheka. Unajua pia, kuliko wasemaji wengi, ni kicheko gani kinachomwacha jirani akiwa bado ni jirani.